Kuuza hostingi kwa rejareja bila kumdhulumu mteja

Kuuza hostingi, yaani nafasi ya kuweka tovuti kwenye seva (kompyuta inayobeba tovuti), ni kama kupangisha chumba katika nyumba ambayo na wewe umepanga. Mwenye seva anakukodishia sehemu ya mashine yake, ambayo inaweza kuwa Ujerumani, Marekani au Afrika Kusini. Wewe unaigawa vipande na kuwauzia wenye maduka, shule, misikiti, makanisa, kampuni za utalii na vyama vya akiba. Mteja hamjui mwenye seva, anakujua wewe. Tovuti ikizimika saa nne usiku, simu itakayoita ni yako.

Malalamiko ya wateja wa Dar es Salaam, Arusha na Mombasa yanafanana sana: aliyetengeneza tovuti amebadilisha namba ya simu, domeini (kikoa, yaani jina la tovuti kama dukalake.co.tz) imesajiliwa kwa jina lake, ada ya mwaka ililipwa na mwezi wa saba tovuti ikapotea. Mara nyingi aliyefanya hivyo hakuanza akiwa na nia ya wizi. Alipanga biashara vibaya siku ya kwanza, kisha akakimbia aibu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uaminifu katika kazi hii ni mpangilio: hesabu, majina yanayoandikwa kwenye fomu, na nakala za data zinazokaa mahali sahihi.

Piga hesabu kabla ya kununua

Chukua mfano huu, kisha ubadilishe tarakimu kwa bei ulizopewa. Tuseme kifurushi cha jumla chenye diski ya GB 100 na ruhusa ya akaunti 50 ni dola 30 kwa mwezi. Nafasi ya bekapu (nakala za akiba za data) kwa kampuni nyingine ni dola 6. Programu ya ankara na tiketi (maombi ya msaada) ni dola 20. Jumla ni dola 56 kwa mwezi, dola 672 kwa mwaka. Dola moja ikiwa shilingi 2,600, hiyo ni shilingi 1,747,200. Ukiuza akaunti moja kwa shilingi 90,000 kwa mwaka, wateja 20 wanarudisha gharama tu. Wateja 35 wanakuachia shilingi 1,402,800, yaani kama 117,000 kwa mwezi, kabla ya kodi, makato ya miamala, vocha na usiku uliokesha.

Ukiwa na wateja chini ya 20, acha kwanza programu ya ankara. Jedwali la kompyuta lenye safu za jina, kikoa, tarehe ya kuisha, kiasi na namba ya simu, pamoja na vikumbusho kwenye kalenda, linatosha. Gharama inashuka hadi dola 432 kwa mwaka, sawa na shilingi 1,123,200, na wateja 13 wanairudisha.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba hostingi peke yake haikulishi mapema. Kipato kipo kwenye matunzo: kusasisha WordPress (programu inayoendesha tovuti nyingi), kukagua bekapu, kurekebisha barua pepe za ofisi. Iuze kama huduma yenye bei yake na orodha ya mambo utakayofanya kila mwezi. Ukiichanganya ndani ya bei ya hostingi, mteja ataamini unamtunzia tovuti wakati wewe unaamini umemuuzia nafasi tu, na siku tovuti ikivamiwa mtagombana nyote mkiwa na haki.

Hatari mbili za bei zikae kwenye hesabu tangu mwanzo. Ya kwanza ni kwamba unanunua kwa dola na kuuza kwa shilingi, kwa hiyo acha pengo la angalau asilimia 15 kwa ajili ya kushuka kwa shilingi. Ya pili ni leseni ya paneli, yaani programu ya kusimamia akaunti za wateja kwenye seva. Mwaka 2019 cPanel, paneli inayotumika sana, iliacha bei moja kwa seva nzima na kuanza kutoza kwa idadi ya akaunti, na waliokuwa wamejaza mamia ya akaunti za bei chee kwenye seva moja walijikuta gharama imepanda ghafla. Muulize mwenye seva kama bei yake imejumuisha leseni ya kila akaunti au kuna nyongeza ukipita idadi fulani. DirectAdmin ni paneli nyingine inayofaa ikiwa bei ya cPanel inakula faida yote.

Kwenye vikoa hesabu ni kali zaidi. Bei ya jumla ya .com inayotozwa na Verisign, kampuni inayosimamia .com, ilipanda hadi dola 10.26 Septemba 2024, kabla ya ada ya ICANN (shirika linalosimamia majina ya mtandao duniani) na faida ya msajili, yaani kampuni inayokuuzia kikoa. Anayetangaza .com kwa dola 1 anauza kwa hasara mwaka wa kwanza na anategemea kuirudisha kwenye mwaka wa pili. Wewe andika bei ya mwaka wa kwanza na bei ya kuhuisha (kulipia mwaka unaofuata) kwenye mstari mmoja, kwa herufi zenye ukubwa ule ule.

Pesa ya mwaka bado si yako

Hapa ndipo biashara nyingi za hostingi zinapofia. Mteja analipa 90,000 ya miezi 12 Januari. Mwenye seva anakudai kila mwezi. Ukipata wateja 35 ndani ya robo ya kwanza, simu yako inaonyesha shilingi 3,150,000 na moyo unasema umeuza. Kwa kweli umekopa. Kila mteja amekukopesha miezi ambayo bado hujamhudumia, na pesa inayohama kuwa yako ni 7,500 tu kwa kila mteja, kila mwezi unaopita.

Fungua akaunti ya pili ya benki au mfuko tofauti wa simu. Malipo ya mwaka yakiingia, yote yanakwenda huko. Tarehe 1 ya kila mwezi hamisha sehemu moja ya kumi na mbili ya kila akaunti inayoendelea, na humo ulipe mwenye seva kwanza. Mteja akiondoka mwezi wa tano na anastahili kurudishiwa miezi saba, 52,500 yake ipo. Usipofanya hivi, mwezi wa nane utajikuta unatafuta mteja mpya ili ulipie seva ya mteja wa zamani.

Kadi nayo inaua. Ukitumia kadi pepe ya simu kulipa nje, siku kadi ikiisha muda au ikikosa salio, malipo yanakataliwa, na mwenye seva anazima akaunti yako ya jumla. Akaunti hiyo ikizimwa, tovuti zote zinazimika pamoja. Sajili kadi mbili za benki tofauti, na kama mwenye seva anaruhusu kuweka salio, weka la miezi miwili.

Pokea malipo kwa Lipa Namba ya jina la biashara, au kwa Kenya Till au Paybill, si kwa namba yako binafsi. Sajili jina BRELA, pata TIN na leseni ya biashara, toa risiti halali. Kenya risiti hupitia eTIMS, mfumo wa mamlaka ya mapato KRA. Kama hujasajiliwa kwa VAT, usiandike VAT kwenye ankara. Kumtoza mtu kodi usiyoipeleka ni wizi hata ukiuita makosa ya jedwali.

Kumchagua mwenye seva

Tuma tiketi ya swali la kiufundi Jumamosi usiku, kabla hujalipa chochote. Muda atakaochukua kujibu ndio muda utakaomwambia mteja wako asubiri siku ya tatizo. Kisha uliza haya na upate majibu kwa maandishi: kila akaunti ndogo inapewa kiasi gani cha prosesa, memori na idadi ya faili, seva inatumia CloudLinux au mfumo mwingine wa kutenganisha akaunti, barua pepe ngapi zinaruhusiwa kutoka kwa saa, naweza kupakua bekapu kamili ya akaunti na kuihamishia kwingine, malipo yakichelewa nina siku ngapi kabla ya kuzimwa, na seva ipo nchi gani, mji gani.

Swali la kutenganisha akaunti lina uzito wake. Bila utenganisho, duka moja la mtandaoni likipata wateja wengi linawanyonya wengine wote memori, na ukivamiwa kwenye akaunti moja mvamizi anaweza kupenya kwa jirani. CloudLinux huipa kila akaunti mipaka yake. Akaunti ikifika ukomo inapungua kasi au kuonyesha kosa, kama namba 508, peke yake na majirani wanaendelea.

Lipa mwezi mmoja, si miaka mitatu hata kama punguzo ni kubwa. Weka WordPress ya majaribio, iache wiki mbili ikipimwa kila dakika 5 na huduma ya nje, na uifungue mwenyewe kwa mitandao ya simu tofauti asubuhi na usiku. Seva nzuri iliyoko Ulaya inatosha kwa tovuti nyingi za hapa kwetu, mradi kurasa zisiwe nzito.

Neno "bila kikomo" liache

Hakuna diski isiyo na kikomo. Wanaouza hivyo huweka kikomo cha idadi ya faili mahali ambapo mteja hatasoma. Plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kache, inayohifadhi nakala za kurasa, na sanduku la barua lisilofutwa humaliza faili 150,000 haraka, maana kwenye seva nyingi kila barua pepe ni faili moja. Mteja anaona ana GB 40 zimebaki, lakini hawezi kupokea barua wala kupakia picha.

Andika vifurushi kwa tarakimu. Mfano wa kifurushi cha kawaida: diski GB 2, faili 150,000, memori GB 1, masanduku ya barua 10, barua 100 kwa saa kutoka kwenye akaunti yote. Usizidi mipaka ambayo mwenye seva ameiwekea kila akaunti.

Je, ni dhuluma kuuza jumla ya GB 150 ukiwa umenunua 100? Si dhuluma, kwa sharti moja: mteja yeyote akitaka kujaza alichonunua, akipate siku hiyo hiyo. Wengi hutumia sehemu ndogo. Kagua matumizi halisi kila Jumatatu, na yakifika asilimia 70 ya diski uliyonunua, ongeza kifurushi kabla ya kumuuzia mtu mwingine. Prosesa na memori usizicheze hivyo, kwa sababu msongamano wake hauonekani kwenye jedwali. Unaonekana kwa mteja anayesubiri ukurasa sekunde tisa.

Kikoa kiandikwe kwa jina la mwenyewe

Kama utafuata sehemu moja tu ya mwongozo huu, iwe hii. Kwenye fomu ya usajili, mmiliki ni mteja: jina lake au la kampuni yake kama lilivyo kwenye cheti, simu yake, barua pepe yake. Wewe unaingia kama mhusika wa ufundi, si zaidi. Hii ni kwa .co.tz na .or.tz za Tanzania, kwa .co.ke ya Kenya, na kwa .com.

Barua pepe ya mmiliki isiwe ndani ya kikoa hicho hicho. Ukiandika info@dukalake.co.tz kama mawasiliano, siku kikoa kikiisha sanduku hilo linakufa pamoja nacho, na onyo la mwisho linatumwa mahali pasipokuwepo. Tumia anwani ya Gmail ya mwenye duka. Isiwe ya mtoto wa shangazi anayesaidia kompyuta likizoni, wala yako.

Kwa vikoa vya .com na vinginevyo chini ya ICANN, yapo mambo ya tarehe. Baada ya usajili mpya, mmiliki hutumiwa kiungo cha kuthibitisha barua pepe, na asipothibitisha ndani ya siku 15 kikoa husimamishwa. Tovuti mpya "iliyopotea" wiki ya tatu mara nyingi ni hili tu. Msajili analazimika kutuma maonyo kama mwezi mmoja na wiki moja kabla ya kuisha, na jingine ndani ya siku tano baada ya kuisha. Baada ya hapo kuna kipindi cha nafuu kinachotegemea msajili na kinachoweza kufika siku 45, kisha siku 30 za ukombozi ambazo ada yake ni kubwa mara kadhaa kuliko kuhuisha, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Usimwambie mteja ana siku 80 za kuchezea. Kipindi cha nafuu si haki yake, ni hiari ya msajili. Vikoa vya .tz na .ke vina kanuni zake, kwa hiyo soma masharti ya sasa ya msajili unayemtumia na uandike tarehe kwenye jedwali lako.

Kikumbusho chako kiende kwa WhatsApp na barua pepe siku 30, 14, 7 na 1 kabla. Mfano unaotosha:

"Habari za leo ndugu mteja. Kikoa chako kinaisha tarehe 14 Agosti. Kuhuisha ni sh. 45,000 kwa mwaka. Kikoa ni mali yako. Ukipenda kuhuisha kwa msajili mwingine tuambie tukupe msimbo wa uhamisho bila malipo."

Sentensi ya mwisho inawaogopesha wauzaji wengi. Iache ibaki. Mteja anayejua anaweza kuondoka muda wowote hana sababu ya kuondoka kwa hasira.

Neimseva zako mwenyewe

Neimseva ni seva zinazoelekeza kikoa kwenye mashine yenye tovuti. Usiwape wateja neimseva zenye jina la mwenye seva. Tengeneza ns1 na ns2 chini ya kikoa cha biashara yako, na uzisajili kwa msajili pamoja na anwani zake za IP (namba zinazotambulisha mashine mtandaoni), ili siku ukihama usihitaji kumpigia kila mteja. Unabadilisha IP sehemu moja na wote wanahama nawe. Ubaya wake ni kwamba kikoa chako sasa kimebeba watu wote. Kikiisha, tovuti 35 zinapotea siku moja. Kilipie miaka mingi kadiri msajili anavyoruhusu, washa kuhuisha kwa kujiendesha, na funga akaunti ya msajili kwa uthibitisho wa hatua mbili.

Barua pepe: hapa utatumia nusu ya muda wako

Tovuti ikizimika saa moja wateja wengi hawajui. Barua ya zabuni ikiangukia kwenye taka, utajua ndani ya dakika kumi.

Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekaza masharti. Kila mtumaji anatakiwa awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa) au DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua). Anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail anatakiwa awe na zote mbili pamoja na DMARC (agizo la nini kifanyike barua ikishindwa ukaguzi huo), na malalamiko ya taka yabaki chini ya asilimia 0.3. Kwako wewe weka zote tatu kwa kila kikoa, hata cha mteja mwenye sanduku moja, kwa sababu wateja wote wanatumia IP ile ile na sifa mbaya ya mmoja ni ya wote.

SPF ni mstari mmoja kwenye DNS (rekodi za kikoa zinazoelekeza tovuti na barua), na lazima uwe mmoja. Mteja akiwa tayari na mstari wa huduma ya majarida, unganisha; mistari miwili ya v=spf1 inafanya yote ihesabiwe kosa. Pia SPF hairuhusu kuuliza DNS zaidi ya mara 10, kwa hiyo usirundike include, yaani maneno yanayoita orodha za huduma nyingine. DKIM iwashe kwenye paneli na uhakikishe ufunguo umeingia kwenye DNS inayotumika kweli, maana DNS ikiwa kwa msajili mwingine, paneli itakuonyesha alama ya kijani isiyo na maana. DMARC anza na p=none (toa ripoti tu), soma ripoti wiki mbili tatu, kisha panda hadi p=quarantine (peleka kwenye taka). Ukimaliza, tuma barua kwenda Gmail, fungua taarifa asili ya ujumbe, na uone PASS tatu. Bila PASS tatu hujamaliza.

Makosa mawili yanajirudia sana. Fomu ya mawasiliano ya WordPress inatuma barua ikijifanya imetoka kwa mgeni aliyejaza fomu, na kama mgeni ana anwani ya Yahoo, DMARC ya Yahoo inafanya ikataliwe. Irekebishe itume kutoka anwani ya kikoa cha mteja kupitia SMTP (njia ya kutuma barua kwa kuingia na nenosiri), poti 465 au 587, na anwani ya mgeni iwekwe sehemu ya kujibu.

La pili ndilo linaloleta simu nyingi zaidi: "Tovuti ofisini haifunguki, lakini kwa bando la simu inafunguka." Karibu kila mara kuna mfanyakazi mmoja aliyebadilisha nenosiri kwenye kompyuta akasahau kwenye simu. Simu inajaribu nenosiri la zamani kila dakika chache, ukuta wa usalama wa seva unadhani ni mvamizi, unaifungia IP, na ofisi nzima ina IP moja. Iondoe IP kwenye kizuizi, lakini kwanza soma kumbukumbu za barua uone ni sanduku gani linalokosea, umwambie mwenye sanduku. Usipofanya hivyo itajifunga tena baada ya chakula cha mchana. Usiiweke IP ya ofisi kwenye orodha ya kudumu ya wasiozuiwa. Kesho mtandao wa simu utampa mtu mwingine IP hiyo.

Bekapu ikae kwa kampuni nyingine

Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la SBG2 la OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wapo waliopoteza kila kitu kwa sababu bekapu yao ilikuwa kwenye eneo lile lile. Bekapu ya mwenye seva ni ya kukusaidia mteja akifuta faili kwa bahati mbaya. Ya kukuokoa wewe lazima iwe kwa kampuni nyingine, mji mwingine.

Panga hivi: kila usiku, seva ipeleke nakala kwenye hifadhi ya nje moja kwa moja, si kupitia kompyuta yako wala bando lako. Baki na nakala 7 za siku, 4 za wiki na 3 za mwezi. Tumia njia ya kupeleka mabadiliko tu, ili tovuti za GB 40 zisihitaji GB 560 za nafasi. Funguo zinazoweza kufuta bekapu zisikae ndani ya seva yenyewe, kwani mvamizi akiingia hufuta bekapu kwanza. Usimbe kwa nenosiri ambalo limeandikwa pia kwenye karatasi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi chagua akaunti moja, irudishe kwenye kikoa cha majaribio, ufungue ukurasa wa mbele, uingie kwenye dashibodi, usome barua moja. Andika tarehe na muda uliotumia. Faili zipo lakini hifadhidata ni tupu: hilo ndilo kosa utakalolikuta mara nyingi, na ni heri ulikute Jumamosi hiyo.

Kuhamisha tovuti

Siku moja kabla, shusha TTL (muda ambao rekodi inakumbukwa kabla ya kuulizwa upya) ya rekodi za DNS hadi sekunde 300. cPanel kwa kawaida huweka 14400, yaani saa nne. Nakili akaunti, kisha ijaribu kwenye seva mpya kwa kubadilisha faili ya hosts ya kompyuta yako (inayoielekeza kompyuta hiyo tu kwenye IP mpya) kabla ulimwengu haujaiona. Badilisha DNS usiku wa Jumamosi. Duka la mtandaoni lifunge kwa matengenezo wakati wa kunakili, la sivyo oda zitagawanyika seva mbili. Rudia kunakili masanduku ya barua baada ya saa 24 ili uokote zilizoangukia seva ya zamani, na usiifute ya zamani kabla ya siku 7.

Tovuti ikivamiwa

Mlango mkubwa ni mandhari na plagini za WordPress za kulipia zilizopakuliwa bure kutoka tovuti za wezi. Nyingi huja na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya mvamizi kuingia, ndani yake. Kumwekea mteja kitu hicho ukamtoza bei ya halisi ni dhuluma mara mbili, kwa hiyo usifanye, na mkataba umkataze naye.

Taarifa ikija kwamba akaunti inabeba ukurasa bandia wa benki, ishughulikie ndani ya saa chache. Zuia folda husika, nakili faili na kumbukumbu kwa ushahidi, badilisha manenosiri ya paneli, hifadhidata na barua, kisha mpigie mteja. Usirudishe tu bekapu ya jana ukadhani umemaliza: mvamizi huenda aliingia wiki tatu zilizopita. Tafuta tarehe ya faili ya kwanza ngeni, rudisha nakala ya kabla yake, sasisha kila kitu, ndipo ufungue. Mwambie mteja ukweli wa kilichotokea, hata kama mlango ulikuwa upande wako.

Seva ikizimika

Asilimia 99.9 ya mwezi wa siku 30 inaruhusu dakika 43 za kuzimika. Asilimia 99.99 inaruhusu dakika 4 na sekunde chache. Ukimuahidi mteja zaidi ya mwenye seva alivyokuahidi, umeuza kitu usichonacho.

Tofautisha seva na njia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani huku seva za Ulaya zikiwa hai. Mpimaji wa nje akikuambia tovuti ipo na simu za Dar hazifungui, tatizo ni njia. Mwambie mteja hivyo na usimlaumu mwenye seva. Ujumbe wa kwanza uende ndani ya dakika 15:

"Habari za asubuhi ndugu mteja. Tangu saa 2:10 seva inayobeba tovuti yako haipatikani kwa tatizo la diski. Data ya jana usiku ipo salama. Barua zinazotumwa kwako sasa kwa kawaida zitasubiri kwa mtumaji na kuingia baadaye. Tutakuandikia tena saa 4:00 hata kama hakuna jipya."

Na saa 4:00 uandike.

Mkataba wa ukurasa mmoja, kisha namna ya kuachana

Andika kwa Kiswahili cha kawaida: kikoa na data ni mali ya mteja; seva ipo nchi gani; mipaka ya kifurushi; bei ya kuhuisha; fidia ya kuzimika ni siku ngapi za nyongeza; bekapu inachukuliwa lini na inakaa muda gani; akichelewa kulipa tovuti inafungwa baada ya siku 7 lakini data haifutwi kabla ya siku 30. Kwa Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kwa Kenya ile ya 2019. Wewe unatunza taarifa kwa niaba ya mteja, kwa hiyo uliza wajibu wako wa kujisajili na masharti ya data kuvuka mpaka, hasa ukihudumia shule, zahanati au vyama vya akiba.

Mteja akiomba kuondoka, mpe bekapu kamili na msimbo wa uhamisho. Kwa vikoa vya ICANN msajili anatakiwa atoe msimbo huo ndani ya siku tano. Wewe utoe siku hiyo hiyo. Deni la tovuti halikupi haki ya kushika kikoa.

Andaa pia siku ambayo wewe hutakuwepo. Mtu mmoja unayemwamini, mwenye uelewa wa kazi, awe na bahasha iliyofungwa yenye njia ya kuingia kwa mwenye seva, kwa msajili na kwenye bekapu, pamoja na orodha ya wateja. Ukiamua kufunga biashara, toa taarifa ya siku 90, tafuta muuzaji mwingine lakini muache mteja achague, rudisha pesa ya miezi iliyobaki kutoka ule mfuko wa pili, na uendelee kulipia seva siku 30 baada ya akaunti ya mwisho kuhama. Mteja akithibitisha kwa maandishi kwamba tovuti na barua zinafanya kazi alikohamia, futa nakala zake zote, za seva na za bekapu, umtumie tarehe ya kufuta.